Potasiamu 6.9: kwa nini mama alichomwa insulini wakati sukari yake ilikuwa nzuri?

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 62, tunaishi Tanga. Ana presha na kisukari, anatumia losartani na metformini. Alfajiri moja alishindwa kuinuka kwenye sijida, miguu haina nguvu kabisa. Tukamkimbiza hospitali. Wakampima moyo, wakatoa damu, wakasema potasiamu ni 6.9. Hatujakaa sawa, wakamchoma sindano ya mshipa, wakamchoma na insulini ingawa sukari ilikuwa 7, wakamvisha barakoa ya mvuke kama mwenye pumu, na yeye pumu hana. Kisha wakatoa damu tena, ikasoma 6.4. Mwaka juzi kaka yangu aliharisha wiki nzima, potasiamu ikashuka hadi 2.4, naye akawekewa dripu ya taratibu mno iliyomchoma mkono. Kwa nini mama mbio na kaka polepole? Damu mara mbili ya nini? Na je, ni ndizi? Mama ni mtu wa ndizi na madafu. Nilitaka kusahau: wiki ile alikuwa anameza diklofenaki ya magoti tuliyomnunulia duka la dawa. Ameruhusiwa na potasiamu 5.1, na kile kipimo cha figo, kreatinini, 168.

Jibu:

Dada, pole kwa kuuguza, na unifikishie shikamoo kwa mama. Umeeleza mengi, ila lile uliloliweka mwishoni kama jambo la kupita tu ndilo ningekuuliza mlangoni: diklofenaki. Nitalifikia. Kwanza tuelewane potasiamu inakaa wapi mwilini, maana bila hapo waliyomfanyia mama yataonekana ni vurugu tupu.

Mtu mzima ana potasiamu nyingi, milimoli (kipimo tunachopimia wingi wake) 3,000 na zaidi, lakini karibu asilimia 98 yake imo ndani ya seli, hasa za misuli. Ndani ya seli kiwango ni kama milimoli 140 kwa lita. Kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0 tu. Kila seli ina pampu isiyolala, inatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo inayoipa misuli, neva na moyo umeme wake. Sasa piga hesabu: potasiamu yote iliyoko nje ya seli, damu na majimaji mengine kwa pamoja, ni milimoli 60 hivi. Ikiongezeka 30 bila pa kutokea, mtu yuko hatarini, na nusu kilo ya misuli iliyopondeka inatosha kumwaga zaidi ya hizo. Kipimo cha damu kinakuonyesha kijisehemu kidogo sana cha mali yote, lakini ni kijisehemu hicho ambacho moyo unakisikiliza.

Ikipanda, misuli inapoteza uwezo wa kujiandaa kwa mpigo unaofuata. Ndiyo ile miguu ya mama iliyokataa kunyanyuka kutoka sijida. Kinachotutisha sisi si miguu. Wapasuaji wa moyo hutumia makusudi maji yenye potasiamu nyingi kuusimamisha moyo ili waushone ukiwa umetulia, na magereza ya Marekani yametumia kloridi ya potasiamu katika sindano za kuulia wafungwa tangu 1982. Kwa hiyo ukiuliza kama inaweza kuua, jibu ni ndiyo, tena mara nyingine bila kubisha hodi.

Umesema walimpima moyo kwanza. Walifanya sawasawa. Mgonjwa wa figo, kisukari au presha akiingia na udhaifu usioeleweka, mimi naagiza ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, kabla hata jina lake halijaandikwa vizuri kwenye faili, kwa sababu majibu ya maabara yanaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na karatasi ya ECG inatoka ndani ya dakika chache. Potasiamu inapopanda, wimbi tunaloliita T linasimama na kuchongoka, jembamba, pande zake zikilingana. Inapozidi, kale kawimbi kadogo ka P kanafifia hadi kanapotea, mchoro mkubwa wa katikati unatanuka, na mwisho mstari wote unakuwa bonde na mlima, bonde na mlima, hakuna kingine. Ukiuona huo, hakuna muda wa kumpigia mkubwa wako simu. Shida ni kwamba moyo haufuati utaratibu huu kwa adabu. Wapo wenye 7 na kitu na ECG yao haina kasoro, na wapo wanaoruka kutoka T iliyochongoka hadi moyo kusimama bila kupita katikati. ECG mbaya inatosha kuanza tiba. ECG nzuri haitoshi kumrudisha mtu nyumbani.

Tuje kwenye damu mara mbili. Najua ndugu wengi wakiona sindano ya pili wanahisi bili inaongezwa. Potasiamu ni kipimo kinachodanganya kirahisi kuliko karibu vyote tunavyoagiza. Kwa kuwa chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu, zikipasuka ndani ya bomba, yaliyomo yanamwagika kwenye sampuli na mashine inasoma namba ya kutisha ambayo haimo mwilini. Zinapasuka kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba mno, au damu ilivutwa kwa nguvu, au ilirushwa kwa nguvu kwenye kichupa. Ule mpira wa kufunga mkono ukikaa muda mrefu huku mgonjwa akiambiwa kunja ngumi, kunjua, kunja tena, misuli ya mkono inatoa potasiamu yake na namba inaweza kupanda kwa hadi milimoli 1. Sampuli ikilala kaunta nusu siku ikisubiri mtu wa kuipeleka, pampu za seli zinaishiwa nguvu na potasiamu inavuja. Kuiweka kwenye friji ndiyo kuharibu zaidi, ingawa anayeiweka anadhani anaitunza.

Kuna kosa jingine ambalo wauguzi wapya wanafundishwa na bado linatokea. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, kile cha kupimia wingi wa damu, kina dawa ya kuzuia kuganda ambayo yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Damu ikipungua kwenye kichupa cha figo, mtu akamimina kidogo kutoka cha zambarau kujazia, majibu yatarudi na potasiamu 9 na kalsiamu karibu na sifuri. Mgonjwa wakati huo amekaa anakunywa chai. Namba mbili hizo zikija pamoja kwa mtu mzima wa afya, usikimbilie mgonjwa, kimbilia kichupa.

Lakini sikiliza mpangilio wao kwa mama yako: ECG, damu ya kwanza, tiba, ndipo damu ya pili. Hawakusubiri uthibitisho ndipo waanze. Mtu mwenye kisukari, miguu imelegea, ana 6.9, na bila shaka ECG iliwaonyesha kitu. Hapo unatibu kwanza na kuuliza baadaye. Damu ya pili ilikuwa na kazi mbili, kuhakikisha namba ya kwanza ni ya kweli na kuona kama dawa zimeanza kufanya kazi. Kwa nilivyosoma barua yako, ilikuwa ya kweli, na dawa zilikuwa zimeanza.

Sindano ya kwanza ya mshipa karibu hakika ilikuwa kalsiamu, kwa kawaida glukoneti ya kalsiamu, mililita 10 hadi 30 kwa dakika kama tano au kumi. Kalsiamu haishushi potasiamu hata chembe. Kazi yake ni kuutuliza moyo usivurugwe na potasiamu iliyopo. Inaanza kufanya kazi ndani ya dakika moja hadi tatu, unakaa na karatasi ya ECG mkononi unaona mchoro uliotanuka unarudi kuwa mwembamba mbele ya macho yako, na nguvu yake inaisha baada ya nusu saa hadi saa moja. Ukiniuliza dawa gani ya dharura inanifurahisha kuitazama ikifanya kazi, ni hii.

Ugomvi huu wa kalsiamu na potasiamu ulionekana kwanza kwenye moyo wa chura, London, miaka ya 1882 na 1883. Daktari Sydney Ringer wa University College alikuwa akitafuta maji ya chumvi yatakayouweka moyo wa chura ukidunda nje ya mwili. Majaribio yakawa yanakwenda vizuri, kisha ikagundulika kwamba maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba la mjini, yenye kalsiamu ndani yake. Alipotumia maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, moyo ukadhoofu. Akaanza kuongeza na kupunguza chumvi moja moja, akaona potasiamu ikizidi inauzima moyo na kalsiamu inauamsha. Jina lake ndilo lile lililoandikwa kwenye dripu ya Ringer iliyojaa kwenye kila kituo cha afya kwetu.

Kwa kuwa nimeitaja, niseme jambo moja kwa wahudumu wanaosoma hapa. Wengi wanaiogopa Ringer kwa mgonjwa mwenye potasiamu ya juu kwa sababu ina potasiamu ndani yake, wanakimbilia maji ya chumvi ya kawaida. Potasiamu ya Ringer ni milimoli 4 au 5 kwa lita, yaani chini ya ile ya mgonjwa wako. Haiwezi kumpandisha kufika 6 kitu ambacho chenyewe ni 4. Maji ya chumvi yakimwagwa lita nyingi yanaleta asidi kwenye damu, na asidi ya namna hiyo inaisukuma potasiamu itoke kwenye seli. Utafiti kwa waliokuwa wakipandikizwa figo ulionyesha hivyo hivyo: waliopewa maji ya chumvi ndio waliopanda zaidi. Hofu ya Ringer ni mazoea tu.

Sasa insulini, swali lako kuu. Watu wanaijua insulini kama dawa ya sukari, lakini homoni hii inafanya kazi nyingine pia: inaiamsha ile pampu ya seli ivute potasiamu ndani. Walimchoma kwa ajili hiyo, wala sukari yake haikuhusika. Dozi iliyozoeleka ni yuniti 10, na pamoja nayo glukosi gramu 25 ili sukari isije ikaporomoka. Kama sukari ya mgonjwa iko juu sana tayari, glukosi inaachwa. Inaanza kushusha baada ya robo saa, inafika kilele kati ya nusu saa na saa moja, na inaondoa kwenye damu kiasi cha milimoli 0.6 hadi 1.0. Mama alitoka 6.9 akafika 6.4, maana yake waliipima ikiwa bado kazini. Hatari yake ni sukari kushuka, na haishuki pale pale. Figo ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya insulini, na figo zikiwa zimechoka insulini inakaa muda mrefu kuliko glukosi iliyopewa. Mgonjwa anakuja kutokwa jasho na kuchanganyikiwa saa tatu au nne baadaye, wakati kila mtu ameshaamini mambo yametulia. Kama mlimwona muuguzi anamchoma mama kidole kila saa kwa saa sita, hakuwa anamsumbua.

Ile barakoa ilikuwa salbutamoli. Ndiyo ile ile ya pumu, na nayo inasukuma potasiamu ndani ya seli kwa mlango mwingine, ila dozi ni kubwa: miligramu 10 hadi 20, wakati mwenye pumu anapewa 2.5 au 5. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unadunda mbio. Kwa mgonjwa mwenye shida ya mishipa ya moyo tunaishia 10.

Hapa kuna jambo ambalo ndugu hawaelezwi vya kutosha. Insulini na salbutamoli hazijatoa potasiamu mwilini. Ni kama umejaza sebule wageni ukawahamishia vyumbani: sebule inapumua, lakini nyumba bado imejaa, na baada ya saa nne hadi sita wanaanza kurudi mmoja mmoja. Kwa hiyo kila nikisikia "potasiamu imeshuka, mpeni ruhusa", nauliza imetoka mwilini kwa njia gani. Njia za kuitoa kweli ni chache. Kama mgonjwa anakojoa, dripu ikimfaa anapewa, na furosemaidi, dawa ya kukojosha, inasaidia. Zipo dawa za kunywa zinazoikamata tumboni na kutoka nayo chooni, lakini zile za zamani ni za polepole na mpya hazipatikani kwetu kirahisi. Ikishindikana yote, ni mashine ya kusafisha damu.

Kabla ya mashine kuna kifaa kimoja rahisi ambacho kinasahauliwa, nacho ni mpira wa mkojo. Mzee wa miaka 70 anakuja na kichefuchefu, amevimba tumbo chini ya kitovu, potasiamu 7.2, kreatinini haisemeki, ndugu wameshaanza kuchanga pesa za dialisisi. Unapapasa tumbo, kibofu kimefika karibu na kitovu kwa sababu ya tezi dume. Unaweka mpira, inatoka lita moja na nusu, na mkojo unaendelea kutiririka. Huku kalsiamu na insulini zikimshikilia, hadi asubuhi potasiamu iko 5 na kitu na michango imerudi mifukoni. Wazee wa aina hii si wachache. Mkono tumboni ni bure.

Kwa wanaosafishwa damu, niseme tu kwamba wakati wa hatari ni ule mwanya mrefu kati ya safari moja na nyingine. Aliyekosa siku yake kwa sababu ya nauli au mashine kuharibika, kisha akaja dharura "amechoka tu", huyo ana potasiamu ya juu hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa kaka. Yeye alikuwa na hadithi ya upande wa pili: kinyesi cha kuharisha kinabeba potasiamu nyingi, na aliitapanya kwa wiki nzima. Ikishuka, misuli inalegea vile vile, jambo linalowashangaza watu, kwamba juu na chini vyote vinaishia kwenye miguu isiyobeba mwili. Zaidi ya hapo tumbo linajaa na kusimama kufanya kazi, mikakamao inakuja, na kwenye ECG lile wimbi la T linalala, nyuma yake linaota wimbi jingine dogo la U. Moyo unaweza kwenda mrama, hasa kwa wanaotumia dawa ya moyo iitwayo digoksini.

Mbona polepole? Kwa sababu kushuka kutoka 4 hadi 2.4 kwenye damu maana yake mwili mzima umepungukiwa milimoli mia kadhaa; kwa makadirio tunayotumia kazini, kila 0.3 inayoshuka inawakilisha upungufu wa kama 100. Huwezi kuzirudisha kwa mkupuo, kwa kuwa zote zinapitia kwenye ile sehemu ndogo ya damu kabla seli hazijazivuta. Kwenye mshipa wa mkono tunakwenda milimoli 10 kwa saa. 20 inaruhusiwa mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya kufuatilia moyo. Kloridi ya potasiamu kali inaunguza mshipa, ndiyo maana mkono ulimchoma. Na haichomwi kwa bomba la sindano moja kwa moja hata siku moja: ile ampuli ndogo ikisukumwa mshipani, moyo unasimama. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri ampuli hizi ziondolewe kwenye makabati ya wodi na kufungiwa mahali maalumu, kwa sababu zinafanana mno na ampuli za maji ya kuchanganyia dawa. Hospitali ambayo bado imeziweka kwenye trei moja inacheza na moto.

Mawili ya haraka kuhusu potasiamu ya chini. Kama haipandi pamoja na kupewa, pima magnesiamu, au mpe tu, kwa sababu magnesiamu ikiwa chini figo zinaendelea kuimwaga potasiamu. Na usiichanganye na dripu ya glukosi: glukosi inaamsha insulini, insulini inaivuta hata ile kidogo iliyobaki iingie kwenye seli. Kwa mantiki hiyo hiyo, mtu anayeharisha akinyweshwa maji ya glukosi na soda hasaidiki kama anayekunywa ORS, ambayo lita yake moja ina potasiamu milimoli 20. Kwa akina mama wajawazito wanaotafuna ule udongo unaouzwa sokoni, ulizeni pia. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuikamata potasiamu tumboni, na wamewahi kuonekana wagonjwa waliolegea kabisa kwa sababu hiyo. Waliolazwa kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi wakapewa amfoterisini nao wanahitaji kupimwa mara kwa mara, dawa ile inazifanya figo zivujishe potasiamu.

Kwa kuwa mama ana kisukari, mjue pia kwamba sukari ikipanda hadi kuleta asidi, damu inaweza kuonyesha potasiamu ya juu wakati mwili kwa jumla umekaukiwa, kwani imetoka kwenye seli na kupotelea kwenye mkojo. Ukianza insulini bila kutazama, inaporomoka. Ndiyo sababu potasiamu ikiwa chini ya 3.5 hatuanzi insulini hadi tumerudisha kwanza.

Turudi kwenye diklofenaki. Figo ya mtu wa miaka 62 mwenye kisukari na presha mara nyingi imeshachoka kimya kimya, na kisukari chenyewe hupunguza homoni ya aldosteroni inayoiamuru figo itoe potasiamu. Losartani, ambayo ni dawa nzuri na inalinda figo hiyo hiyo, inapunguza aldosteroni zaidi na kulegeza mshipa unaotoka kwenye chujio la figo. Hapo mambo bado yanakwenda. Ndipo inakuja diklofenaki, inaubana mshipa unaoingia. Damu inayoingia imepungua, inayotoka imefunguliwa, shinikizo la kuchuja limekwisha. Ongeza siku moja ya kuharisha au funga ya juani, potasiamu inapanda. Ibuprofeni, na nyingine za jamii hiyo zinazouzwa bila cheti, ni vile vile. Spironolaktoni, dawa ya kukojosha inayoizuia aldosteroni, nayo inapandisha potasiamu. Septrin pia, jambo ambalo hata matabibu wengi hawalikumbuki: moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake, ile trimethoprimu, inaizuia figo kutoa potasiamu. Mzee aliye kwenye losartani au enalaprili, dawa nyingine ya presha, akipewa Septrin ya mkojo, apimwe damu ndani ya siku chache, au apewe dawa nyingine.

Kwa hiyo nikiulizwa nani mshitakiwa, nitaanza na mfuko wa dawa kabla ya kapu la matunda. Nendeni na mfuko wote kliniki, na vile vya mitishamba, msichague cha kuonyesha. Ile chumvi inayouzwa kama mbadala kwa wagonjwa wa presha itazameni lebo, nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu.

Kwa sasa diklofenaki isirudi ndani ya nyumba. Magoti yatumie parasetamoli na dawa ya kupaka huku mkimwona daktari. Losartani msiisimamishe wala kuirudisha wenyewe. Fuateni karatasi yake ya kutoka, na kama haisemi kitu, ulizeni kesho. Kreatinini 168 kwa mwanamke wa umri wake maana yake figo zinachuja kama mililita 30 hivi kwa dakika, ambapo metformini nayo inabidi ijadiliwe, kwani chini ya hapo haitumiki. Potasiamu na kreatinini zirudiwe ndani ya wiki hii, sampuli ichukuliwe vizuri na ifike maabara mapema. Akiharisha au kutapika, akipungua kukojoa, miguu ikilegea tena au moyo ukienda ovyo, msisubiri kupambazuke.

Na ndizi na madafu. Mtu mwenye figo nzima hana sababu ya kuziogopa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na inasaidia kushusha presha. Ndizi mbivu ya wastani ina miligramu 400 hivi. Dafu ni jambo jingine. Mililita 400 za maji yake zina takriban miligramu 1,000, yaani milimoli 25, karibu nusu ya potasiamu yote iliyoko nje ya seli za mama, na inashuka tumboni kwa funda nne. Madafu ayaache kwa sasa, hata siku ya joto, na hata jirani akimwambia yanasafisha figo. Tende na parachichi apunguze. Ndizi za kupika, viazi na muhogo vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi na maji hayo yamwagwe, asiyatumie kwenye mchuzi. Sehemu kubwa ya potasiamu inaondoka nayo. Mchicha ufanyiwe hivyo hivyo. Ndizi mbivu nusu, mara moja moja, sitamnyima. Vipimo vikirudi vizuri mara mbili mfululizo, daktari wake atamlegezea, na hapo mumuulize pia habari ya dafu.